Likizo ya Siku Saba: Kutoka Mutakura Kwenda Kupanda Treni

Mtoto wa Mutakura huanza kulijua gari la moshi kitabuni. Hulichora kwenye daftari lake, huuiga mlio wake uani pamoja na wenzake, kisha siku moja humwuliza baba yake: "Baba, litapita hapa lini?" Swali hilo ni zito kujibiwa, maana nchi yetu haijapata kuwa na reli. Mwezi Agosti 2025 liliwekwa jiwe la msingi la reli itakayotoka Uvinza, nchini Tanzania, hadi Musongati. Hata hivyo, reli hujengwa kwa miaka, na mtoto hukua kwa miezi.

Kwa sababu hiyo, familia nyingi za askari na polisi hutamani kuitumia likizo ya baba au mama kuvuka mpaka na kuipanda treni kule iliko. Mahali panapofaa ni Kigoma. Kutoka Bujumbura, barabara huufuata ufuko wa Ziwa Tanganyika hadi Rumonge na Nyanza-Lac, kisha hupanda milima hadi mpaka wa Mugina na Manyovu. Kutoka Manyovu hushuka tena ziwani. Stesheni ya Kigoma imo ndani ya mji, karibu na bandari. Hapo ndipo Reli ya Kati inapoishia, baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 1,250 kutoka Dar es Salaam. Reli hiyo ilifika Kigoma mwaka 1914.

Safari hii ni tamu, lakini ina mtego. Raia wa kawaida akichelewa kurudi siku mbili, huomba radhi kazini na mambo yakaisha. Askari akichelewa siku moja huhesabiwa kuwa ameasi amri ya likizo yake, na adhabu yake humfikia mke na watoto ambao hawakukosa. Basi makala haya yanakusudia kumshauri msomaji jambo moja: safari ya treni ipangwe kwa kuanzia siku ya kurudi, wala si siku ya kuondoka.

TUANZE NA MWISHO

Tumchukue baba mwenye likizo ya siku saba, mwenye mke na watoto wanne. Kalamu na ishike karatasi kuanzia chini kwenda juu.

Siku ya saba ni ya akiba. Familia na iwe nyumbani Mutakura, nguo zikifuliwa na viatu vikipigwa rangi. Siku hii isiguswe kwa starehe yoyote. Siku ya sita ni ya kurudi kutoka Kigoma hadi Bujumbura. Siku ya tano ni ya kutoka Tabora hadi Kigoma kwa basi. Siku ya nne ni ya kuutembelea mji wa Tabora. Usiku wa kuamkia siku hiyo ndio usiku wa treni, unaoanza siku ya tatu. Siku ya pili ni ya tiketi na ya kuzuru Ujiji. Siku ya kwanza ni ya kwenda Kigoma.

Msomaji atauliza: kwa nini twende kwa treni na kurudi kwa basi? Jibu ni kwamba treni ya Kigoma haiondoki kila siku. Anayetaka kwenda na kurudi kwa reli hulazimika kuingojea siku yake, na kungoja huko ndiko kunakoila likizo. Kutoka Kigoma hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 400, na utamu wote wa reli hupatikana katika mwendo huo mmoja. Kwa kuwa ratiba hubadilika, siku ya treni iulizwe stesheni kabla likizo haijaombwa, si baada ya kupewa. Mwenye jamaa Kigoma na amtume.

Tena pawepo mpaka wa uamuzi. Treni ikichelewa saa kadhaa, ngojeni kwa subira. Ikichelewa siku nzima, siku ya akiba itaibeba hasara hiyo. Ikipita hapo, achaneni na Tabora, mrudi Kigoma mjini mkamalize likizo ufukoni. Ni vigumu kuyasema hayo mbele ya watoto wenye mabegi mabegani, kwa hiyo baba na mama wakubaliane wakiwa bado nyumbani, na watoto waelezwe mapema.

SAA MOJA INAYOPOTEA MPAKANI

Kuna jambo ambalo limewaachisha wengi treni. Bujumbura na Kigoma ziko kwenye ziwa moja, na jua huzichomoza karibu kwa wakati mmoja. Lakini saa za ukutani si sawa. Tanzania iko saa moja mbele ya Burundi. Ukivuka Manyovu umekwisha kupoteza saa nzima bila kuihisi.

Mtego wa pili ni namna ya kuhesabu. Tiketi huandikwa kwa hesabu ya saa 24, ilhali sisi kwa mdomo huhesabu kuanzia mapambazuko. Tuseme tiketi inaonyesha 16:00. Kwa kinywa cha mtu wa Kigoma hiyo ni saa kumi alasiri. Kwa saa ya mkononi iliyotoka Mutakura bila kurekebishwa, hiyo ni saa tisa. Anayeisubiri saa kumi ya Bujumbura atafika stesheni na kuzikuta reli tupu.

Dawa yake ni rahisi. Mkiwa Manyovu, kila mwenye saa aisogeze mbele. Simu nyingine hujisogeza zenyewe, nyingine hazijisogezi. Kwa hiyo ilinganisheni na saa ya ofisi ya mpakani. Mama amwagize mtoto mkubwa kazi hiyo, naye atajifunza jiografia ambayo hataisahau.

MASOMO YA NJIANI

Safari hii ina kisa kimoja kinachoweza kusimuliwa vituo vitatu. Kusini ya Bujumbura, upande wa barabara hiyohiyo ya Rumonge, lipo jiwe la Mugere, ambapo Livingstone na Stanley walifika mwishoni mwa Novemba 1871. Wiki chache kabla ya hapo walikuwa wamekutana Ujiji, na Ujiji ni mwendo mfupi tu kutoka Kigoma. Hapo pana kumbukumbu yao. Mapema mwaka 1872 walikuwa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, na nyumba ya kumbukumbu ipo. Watoto watakuwa wameufuata mguu wa historia kutoka mlangoni kwao.

Kigoma pia waulizwe habari za meli ya Liemba. Wajerumani waliiunda kwao, wakaileta vipande vipande, wakaiunga hapo na kuishusha majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata waliizamisha wenyewe vitani, na Waingereza wakaiopoa mwaka 1924.

Mama naye atakutana sokoni na jamaa wa zamani wenye majina mapya. Mukeke wetu huko huitwa mgebuka, na ndagala huitwa dagaa. Tabora ni nchi ya asali. Kopo moja la asali ni zawadi isiyooza, ila lifungwe vizuri.

NDANI YA BEHEWA

Daraja la tatu ni la bei nafuu, lakini ni la kukaa, na usiku ni mrefu kwa mtoto. Katika daraja la pili la kulala, chumba cha mabehewa ya kawaida huwa na vitanda sita. Familia yetu ya watu sita ikikata tiketi pamoja na mapema, inaweza kuomba chumba kizima, mlango ukafungwa kwa ndani na mizigo ikawa salama. Wakichelewa, huenda baba akalala behewa moja na mama jingine.

Chukueni maji ya kunywa, blanketi jepesi, tochi, sabuni na karatasi za msalani. Pikeni chakula kisichochacha upesi: mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, maandazi, karanga. Watoto wasitoe vichwa wala mikono madirishani.

KARATASI NA FEDHA

Askari na apate ruhusa ya maandishi ya mkuu wake inayotaja nchi anayokwenda, wala asitegemee neno la mdomo. Sare na kitu chochote cha kazi vibaki nyumbani. Kila mtu, mtoto mchanga akiwemo, awe na hati ya safari inayokubaliwa na uhamiaji, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa kila aliyefikia umri wa kuchanjwa. Kabla ya kupiga picha stesheni, bandarini au darajani, ombeni ruhusa.

Fedha zigawanywe katika bahasha nne: nauli ya kwenda, chakula na malazi, nauli ya kurudi, na dharura. Bahasha ya nauli ya kurudi aishike mama, naye asiifungue kwa ajili ya kitenge, wala kwa ajili ya kinywaji cha baba. Katika miaka ya karibuni mafuta yamekuwa haba mara kwa mara na ziwa limefurika. Hivyo gari la kurudi linaweza kuchelewa au nauli kupanda. Bahasha ya nne ni ya siku kama hiyo.

Ndugu msomaji, wahenga walisema mipango si matumizi. Ni kweli, lakini matumizi yasiyo na mpango humrudisha mtu nyumbani kwa mkopo. Safari njema si ile iliyofika mbali kuliko zote. Ni ile ambayo asubuhi ya siku ya nane baba yuko kwenye gwaride akiitikia jina lake, na mtoto yuko darasani akichora gari la moshi, safari hii akijua mabehewa yake yana vitanda vingapi.