Kiwanja Kinachohama: Kuusoma Ufukwe wa Mwanza Kabla ya Kuchora Ukumbi wa Jamii

Kiwanja kilicho ufukweni mwa Ziwa Victoria kina mipaka minne kwenye hati, lakini mmojawapo hauna bikoni. Ni ule wa majini. Mipaka mitatu mpima ardhi huisimika mara moja ikakaa. Wa nne hupanda na kushuka kwa kufuata mvua za nchi tano za bonde la ziwa na maji yanayoachiwa kwenye mabwawa ya Jinja, Uganda, mahali Nile inapotokea. Ndiyo maana uchunguzi wa kiwanja cha ukumbi wa jamii, maktaba ya mtaa au kituo cha vijana jijini Mwanza hauanzi na mandhari, ingawa mandhari ndiyo inayomvuta kila anayefika pale kwa mara ya kwanza. Huanza na swali kavu: ziwa hili limewahi kufika wapi?

Sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa ya yanayopotea huondoka kwa mvuke. Mto Nile huchukua sehemu ndogo tu. Kwa hiyo misimu miwili mitatu ya mvua kubwa ikifuatana, ziwa zima la kilomita za mraba 68,800 huinuka, na maji hayana pa kukimbilia haraka. Mvua za mwaka 1961 na 1962, zinazokumbukwa Afrika Mashariki kama mvua za Uhuru, zililipandisha ziwa kwa zaidi ya mita 2. Kilele kilifikiwa Mei 1964, kipimo cha Jinja kikisoma mita 13.41. Kisha mambo yakageuka. Mwaka 2006, baada ya ukame na maji mengi kupitishwa kwenye mitambo ya umeme, ziwa lilishuka hadi wamiliki wa gati na mabomba ya kuvutia maji wakalazimika kuyafuata maji mbele. Mei 2020 kipimo kilifika mita 13.42, sentimita 1 tu juu ya rekodi ya miaka 56 nyuma, na Mei 2024 rekodi hiyo nayo ikavunjwa. Kati ya kiwango cha chini cha 2006 na kile cha 2020 kuna tofauti ya karibu mita 3.

Mita 3 za kwenda juu si kitu cha kutisha zikitajwa hivyo. Hesabu hubadilika zikilazwa ardhini. Kwenye mteremko mkali wa mawe, kama ulioko Capri Point, maji yakipanda mita 3 husogea hatua chache tu. Kwenye ardhi inayoinuka mita 5 kwa kila mita 100, mita 3 hizo huwa mita 60 za nchi kavu. Na pale penye ufukwe wa tambarare unaoinuka mita 2 kwa kila 100, ziwa lilelile huingia ndani mita 150, pengine zaidi ya urefu wa kiwanja chote. Kwa sababu hiyo kifaa cha kwanza cha msanifu majengo katika eneo kama hili ni ramani yenye mistari ya mwinuko, iliyopimwa kwa kila nusu mita na kuunganishwa na kipimo rasmi cha ziwa. Picha za droni zinapendeza kwenye mkutano, lakini hazisemi maji ya 1964 yaliishia mlango wa nani.

Hapo ndipo sheria inapokuja, na ugumu wake. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mwambao wa bahari au ziwa, ukingo wa mto au bwawa. Mita 60, lakini kutoka mstari upi? Anayepima mwaka wa ukame hupata kiwanja kipana; anayepima mwaka wa mafuriko hukuta nusu imekwisha. Kiwanja kinachopakana na Mto Mirongo, unaokatiza katikati ya jiji na kumwaga maji yake ziwani, hubeba katazo hilo mara mbili. Jambo la busara ni kuuchora mstari wa maji ya juu kabisa yaliyorekodiwa, kuhesabu mita 60 kutoka hapo, kisha kuiuliza mamlaka husika kwa maandishi kabla ya kuchora hata chumba kimoja.

Penye upungufu wa kumbukumbu za ofisini, ziwa lenyewe limeandika. Mawe ya Mwanza yana mistari ya rangi iliyoachwa na maji, inayoonekana kwa macho. Miti iliyokufa ikiwa imesimama huonyesha mizizi ilipozama. Ngazi za saruji zinazoishia majini, msingi wa kibanda ulio tupu na ukuta uliopakwa rangi upya kwa chini tu ni ushahidi pia. Wazee wa mtaa wakipitishwa kwenye kiwanja kwa miguu hukumbuka vizuri kuliko wakiulizwa ofisini, kwa sababu mti au jiwe lililopo pale huwarudishia kumbukumbu.

Chini ya miguu, Mwanza ni jiji la granaiti, na sifa yake ya mawe yaliyopandana, likiwamo Jiwe la Bismarck karibu na kivuko cha Kamanga, huwafanya wengi waamini kwamba msingi imara unapatikana popote. Sivyo. Granaiti huoza kupitia nyufa zake na kuacha mawe ya mviringo yaliyozungukwa na udongo laini. Shimo moja la uchunguzi likigonga jiwe la namna hiyo huripotiwa kuwa limefika kwenye mwamba, kumbe ni jiwe lililokaa juu ya udongo. Jengo likikalia jiwe hilo upande mmoja na udongo upande mwingine, litapasuka katikati. Mashimo matatu ni machache. Yatawanywe, na mojawapo lichimbwe karibu na maji.

Wakulima wa Usukuma walikwisha kuupanga udongo huu kwa majina: luseni, wa kichanga karibu na mawe ya juu, itogolo, mgumu wa katikati, na mbuga, mweusi wa bondeni unaovimba ukilowa na kufanya nyufa ukikauka. Katika miaka ya 1930 mtaalamu Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani mkoani Tanga, aliupa mfuatano wa namna hii wa udongo kutoka kilimani hadi bondeni jina la katena, na neno hilo sasa linatumika duniani kote. Mkulima anayelima bustani pembeni mwa kiwanja anaweza kumwambia mhandisi, kabla ya maabara, mbuga inaanzia wapi.

Maji hayatoki ziwani peke yake. Vilima vya jiji vimejaa nyumba hadi juu, mvua ikinyesha hakuna udongo wa kutosha wa kuinywa, na yote hushuka kwa kasi kupitia makorongo na mitaro yakiwa yamebeba mchanga, chupa za plastiki na maji ya vyoo. Kiwanja cha ufukweni ndicho kituo cha mwisho. Anayekitembelea Julai hukuta njia nzuri ya vumbi inayoelekea ziwani. Aprili njia hiyo ni mto. Kuuziba mkondo huo kwa ukuta ni kuuelekeza kwa jirani.

Jua na upepo vinahitaji maneno zaidi, maana hapa Mwanza ina mtego wake. Jiji liko upande wa mashariki wa Ghuba ya Mwanza, kwa hiyo anayetazama ziwa hutazama magharibi. Jua la alasiri huja moja kwa moja kutoka huko, na huja mara mbili: kutoka angani na kwa kuakisiwa na maji. Mwanza iko nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, hivyo jua la utosi huegemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba, na pande hizo mbili hazisumbui sana. Baraza la mita 1.5 hufunika ukuta wa mita 3 adhuhuri ya Juni. Magharibi hakuna baraza linalotosha. Tena jua hufika utosini karibu saa saba kasorobo, kwa kuwa saa ya taifa imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 na Mwanza iko karibu na nyuzi 33. Mikutano ya mtaa ya saa kumi jioni bado ina jua kali la kuumiza macho, na linazama karibu saa moja.

Lakini upepo wa kupoza nao hutoka hukohuko. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na hewa baridi ya ziwa huvutwa ufukweni. Usiku hugeuka, upepo ukashuka kutoka vilimani kuelekea majini. Ukuta uliozibwa kuzuia jua huzuia na upepo. Ukumbi mrefu unaoelekeza ubavu wake mwembamba ziwani, ukiwa na miti au mbao za wima mbele yake, hupata kivuli na upepo kwa kiasi. Mti mkubwa uliopo tayari kwenye kiwanja una thamani kuliko kiyoyozi, na mahali pake paandikwe kwenye ramani kama nguzo ya jengo.

Usiku una wageni wake. Wadudu wadogo wa ziwani, wanaoonekana kwa mbali kama moshi juu ya maji, huibuka kwa wingi siku za mwezi mwandamo na kufuata taa. Taa kubwa inayotazama ziwa itajaza ukumbi wadudu kabla ya mkutano kufunguliwa. Radi nazo ni nyingi katika bonde hili, na paa la bati kwenye ufukwe wazi linataka mkingaradi.

Mwezi huohuo hupanga maisha ya watu. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi kwa taa siku za giza, na mbalamwezi ikitawala hupumzika, mitumbwi ikavutwa nchi kavu na nyavu kushonwa. Kwa hiyo kiwanja kina sura mbili kila mwezi, na mchunguzi aliyekuja siku moja saa nne asubuhi ameona nusu ya moja. Alfajiri pale panaweza kuwa mwalo, wachuuzi wakisubiri ndoo. Saa tatu wanawake wanaanika dagaa kwenye mchanga. Mchana mama lishe wamehamia kivulini, bodaboda wanaosha pikipiki majini, watoto wanaogelea. Ardhi inayoitwa wazi kwenye ramani ya mipango miji ni kiwanda kisicho na kuta, na jengo likikalia sehemu ya kuanikia, kipato cha watu wengi kinapotea bila mtu yeyote kuvunjiwa nyumba. Shughuli hizi huchorwa kwa kuhesabu: watu wangapi, wapi, saa ngapi, wakipitia njia gani. Mkutano wa mtaa hautoshi, kwani waanika dagaa huwa kazini wakati wa mkutano, na waliofika wengi ni wanaume. Wafuatwe walipo.

Suala la afya limefungamana na hilo. Kichocho kimeenea katika Kanda ya Ziwa. Konokono wanaobeba vijidudu vyake hukaa kwenye maji tulivu yenye majani, na maambukizi huendelea pale watu wasio na choo wanapojisaidia karibu na maji wanayoogea. Ukumbi wenye vyoo vya umma na bomba la kufulia, vilivyo juu ya mstari wa mafuriko na karibu na njia inayotumika kweli, unaweza kufanya kazi kubwa kuliko ukumbi wenyewe. Tangi la maji taka likichimbwa chini, maji ya ziwa yanapopanda litajaa kutoka nje.

Mengine ni ya kawaida kwa kiwanja chochote: hati, nguzo ya umeme, bomba la maji, umbali kutoka kituo cha daladala, kibali cha mazingira cha NEMC, na kiti cha magurudumu kitafikaje.

Yote haya hukusanywa kwenye karatasi moja, tabaka juu ya tabaka: mstari wa maji ya juu, mita 60, mkondo wa mvua, mbuga, jua la magharibi, mahali pa kuanikia, njia za miguu. Sehemu inayobaki nyeupe ndiyo pekee inayoweza kujengwa. Kwenye kiwanja cha tambarare sehemu hiyo huenda ikawa kipande kidogo juu barabarani, mbali na mandhari iliyomvutia mfadhili. Ikiwa hivyo, ukumbi ujengwe hukohuko barabarani, na huku chini kubaki miti na mchanga wa kuanikia dagaa, maji yakirudi yasikute ukuta.