Mbwa Wako, Jirani Yako na Sheria

Leo nataka tuzungumze juu ya wanyama tunaowafuga majumbani: mbwa, paka, kuku, mbuzi, ng'ombe wa maziwa, na hata yule kobe anayejivuta chini ya mwembe uani. Nataka pia tuzungumze juu ya jirani, maana mjini hakuna mnyama anayefugwa na mtu mmoja peke yake. Jogoo ni wako, lakini saa kumi alfajiri anawika masikioni mwa mtaa mzima.

Nianze na kisa kilichotokea mtaani kwetu, hapa Dar es Salaam. Msichana wa darasa la pili alitumwa dukani kununua chumvi. Njiani akaumwa mguuni na mbwa wa mzee mmoja, mtu mwenye heshima zake, ambaye geti lake halifungi vizuri. Mama wa mtoto akaenda kwa mzee, akaamkia shikamoo, akauliza: "Mzee, mbwa wako amechanjwa?" Mzee akajibu: "Mwanangu, mbwa huyu hana tabia ya kuuma." Huku nyuma vijana walikwisha kumkimbiza yule mbwa, wakamwua kwa mawe na kumfukia. Kila mtu akaona kazi imekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Hospitali waliuliza swali moja: mbwa yuko wapi? Mbwa aliyeuma, akikamatika, hufungiwa na kuangaliwa na mtaalamu kwa siku 10. Akiwa bado mzima baada ya siku hizo, mtu hupumua, kwa sababu mbwa ambaye mate yake tayari yana kichaa hufa ndani ya muda huo. Matibabu ya mtoto hayangoji, lakini daktari akijua mbwa ni mzima anaweza kuyasimamisha. Mbwa wetu alikuwa kaburini. Mama ikambidi achukue fedha zake za upatu alipie sindano zote, moja baada ya nyingine, kwa tarehe alizopangiwa. Mzee alichangia baada ya mjumbe kuingilia kati. Mtoto ni mzima, namshukuru Mungu. Lakini nyumba zile mbili hazisalimiani mpaka leo.

Nikajiuliza: je, sheria ilikuwa wapi siku ile? Jibu ni kwamba ilikuwapo, tena nyingi, ila hakuna aliyeijua.

Kwanza, Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Miji, ya mwaka 1982, inazipa halmashauri za miji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Humo ndimo mnamoamuliwa nani afuge nini, wangapi, wapi na kwa kibali gani. Wakubwa watakumbuka miaka ya themanini, mishahara ilipokuwa haifiki katikati ya mwezi, na watumishi wa serikali wakaanza kufuga ng'ombe na kuku mpaka Oysterbay. Jiji halikuweza kuwafukuza wote. Sheria ndogo za 1990 zikaruhusu ng'ombe wasiozidi wanne kwa nyumba, wafugwe bandani na si kuzurura barabarani. Leo Dar es Salaam imegawanywa katika halmashauri kadhaa, na kila moja ina utaratibu wake. Kwa hiyo usiniulize mimi mbuzi wangapi wanaruhusiwa kwako. Nenda ofisi ya kata, mwulize ofisa mifugo, na uombe kuonyeshwa sheria yenyewe. Ni haki yako.

Pili, iko Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003. Hii inahusu chanjo, karantini na kutoa taarifa. Mfugaji anayeona mnyama wake ana dalili za ugonjwa wa hatari hana ruhusa ya kunyamaza. Tatu, Sheria ya Kanuni za Adhabu inamgusa mtu yeyote aliye na mnyama anayeweza kudhuru, kisha akaacha kuchukua tahadhari. Yule mzee na geti lake bovu wamo humo. Kusema mbwa hana tabia ya kuuma si tahadhari.

Lakini wale vijana nao wasicheke. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inatambua kwamba mnyama anasikia maumivu, na inakataza ukatili. Kumpiga mbwa mawe mpaka afe, au kumtupia nyama yenye sumu usiku kwa sababu anabweka, si njia ya kumaliza ugomvi na jirani. Na sumu haichagui. Leo itamwua mbwa, kesho itaokotwa na mtoto.

Na yule kobe? Wanyamapori wa nchi hii ni mali ya umma, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 imewaweka chini ya Rais kwa niaba ya wananchi. Tumbili aliyefungwa kamba kibarazani, hata kama uliuziwa na mtu njiani kwa bei ya kutupa, anahitaji kibali. Kasuku wa kijivu, yule hodari wa kuiga maneno ya watu, tangu Januari 2017 yumo katika orodha ya viumbe ambao biashara yao ya kimataifa imebanwa kabisa.

Nirudi kwa mbwa, maana hapo ndipo roho za watu zilipo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, hakuna dawa. Duniani kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na karibu wote wameumwa na mbwa. Lakini ni ugonjwa unaozuilika. Wataalamu wanasema mkichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Tunao mfano wa hapa hapa. Kisiwani Pemba kampeni za chanjo zilianza 2010, na kufikia 2014 kichaa kilikuwa kimekatika. Baadaye kikaingia tena, 2016. Wakachanja upya, na mwaka 2018 kikakatika mara ya pili. Kwa hiyo chanjo si kazi ya siku moja. Ni ya kila mwaka, kama kulipia leseni ya biashara.

Basi tufanyeje? Mwenye mbwa amchanje, atunze cheti chake, na atengeneze geti. Mwenye kuku na mbuzi asafishe banda kabla harufu haijamtangulia kwa jirani. Na wewe unayekerwa, anza kwa mwenyewe, kwa maneno ya kiungwana. Asiposikia, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa bwana afya au ofisa mifugo. Mahakama iwe ya mwisho.

Na ukiumwa, usipake pilipili wala oili chafu. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo tu. Mbwa akamatwe na afungiwe, kama inawezekana bila mtu mwingine kuumwa. Asiuawe ovyo.

Juzi nilipita pale kwa mzee. Amepata mtoto wa mbwa mwingine, na geti limewekwa komeo jipya. Nikamwamkia, nikamwuliza juu ya chanjo. Akaingia ndani, akatoka na kikaratasi chenye mhuri, akanionyesha. Nikamwambia: mzee, usinionyeshe mimi. Mpelekee mama wa yule mtoto.

Tukutane wiki ijayo.