Kumtunza Mgonjwa (Sehemu ya 3): Nani Anamnyima Usingizi?

Wiki iliyopita tulieleza namna ya kumwogesha mgonjwa asiyeweza kuinuka. Leo tunaingia katika jambo ambalo wengi hudhani linajipanga lenyewe, yaani kulala. Mgonjwa yuko kitandani usiku na mchana, kwa hiyo ndugu huamini amepumzika. Mwulize asubuhi, atakwambia hakupata hata lepe la usingizi.

Mtu mzima akilala hupita katika mizunguko ya takriban dakika 90 kila mmoja. Usingizi mzito kabisa huja zaidi katika sehemu ya kwanza ya usiku, na ndipo homoni ya ukuaji, inayosaidia mwili kutengeneza sehemu zilizoumia, humwagwa kwa wingi kwenye damu. Anayegutushwa kila baada ya muda mfupi huanza safari upya bila kuufikia usingizi huo. Maumivu humzidi na kinga yake hudhoofika. Mzee aliyetoka kupasuliwa anaweza hata kuanza kuweweseka, hajui ni siku gani, anang'oa dripu na kudai arudishwe nyumbani usiku wa manane.

Florence Nightingale aliyaandika haya kabla sayansi ya usingizi haijazaliwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1859, Notes on Nursing, alitenga sura nzima kuhusu kelele. Hakulaumu makelele makubwa peke yake. Kilichomuudhi mno ni minong'ono karibu na kitanda au nje ya mlango, kwa kuwa mgonjwa hutega sikio akiamini anasemwa yeye. Alieleza pia kwamba mgonjwa aliyeamshwa katika usingizi wake wa mwanzo ni shida kuupata tena, ilhali aliyekwisha kulala saa kadhaa huweza kurudi.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unapendekeza sauti wodini usiku isizidi wastani wa desibeli 30, kiasi cha mnong'ono tu. Sasa simama katika wodi yoyote saa tano usiku usikilize. Toroli linalia gurudumu, bakuli la chuma linaanguka sakafuni, simu inaita kitanda cha pili, na mezani watumishi wanapiga soga. Gurudumu linahitaji matone ya mafuta tu, na soga inaweza kusubiri chumba cha chai.

Lakini kinachomkesha mgonjwa zaidi ni ratiba. Saa nne usiku anachomwa sindano. Saa sita anapimwa joto. Saa nane anakuja mwingine kubadilisha dripu. Saa kumi alfajiri taa zote zinawashwa na mashuka yanavutwa, ili wodi ipendeze kabla ya zamu kukabidhiana. Kila kazi ina sababu yake, ila hakuna aliyezikusanya pamoja. Muuguzi makini huzipitia chati mwanzoni mwa zamu, akakubaliana na daktari ni nani ametulia kiasi cha kuachwa alale bila vipimo vya usiku wa manane. Hukumbusha kwamba dawa ya kupunguza maji mwilini ikitolewa jioni humpeleka mgonjwa chooni usiku kucha, na kwamba prednisoloni hunywewa asubuhi kwa kuwa huondoa usingizi. Aliye katika hatari ya vidonda vya kulalia lazima ageuzwe, hapo hakuna mjadala. Basi ukimgeuza, mpime hapo hapo, mbadilishe shuka iliyolowa, mpe maji, kisha mwache.

Mlalo wenyewe una elimu yake. Mgonjwa wa moyo akilazwa chali hukosa pumzi, na ndugu wasiojua humwita mkaidi kwa kung'ang'ania kukaa. Anahitaji kuegemezwa. Kama mito haitoshi, pindua kiti cha mbao miguu juu, kiweke upande wa kichwani ili mgongo wa kiti ufanye mteremko, tandika blanketi na mto juu yake. Uuguzi wa nyumbani umetumia mbinu hiyo miaka mingi, na inafaa.

Yanabaki maumivu, na usiku ndio wakati wake. Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kabla ya kusomea udaktari, alifungua St Christopher's Hospice mjini London mwaka 1967. Alisisitiza kwamba mwenye saratani asisubiri mpaka alie ndipo apewe dawa. Apewe kwa saa, kabla ya dozi iliyotangulia kuisha nguvu. Mofini ya maji hudumu takriban saa nne, kwa hiyo watoa tiba shufaa huweza kuagiza dozi maradufu wakati wa kulala, mgonjwa avuke usiku bila kuamshwa. Dkt. Anne Merriman aliileta huduma hiyo Kampala alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini wenyewe. Kwangu mimi huo ni uamuzi mkubwa kuliko kununua mashine nyingi, kwa sababu saa nane usiku kijijini anayepatikana ni muuguzi, daktari yuko mbali.

Vidonge vya usingizi vije mwisho, baada ya hayo yote kushindikana, hasa kwa wazee, ambao huamka navyo wakiyumba na kuanguka.

Nawaomba wauguzi jambo moja la kuandika. Katika ripoti za zamu mara nyingi husomeka "alilala vizuri", kwa sababu tu mgonjwa alionekana amefumba macho. Mwulizeni mwenyewe aliamka mara ngapi na nini kilimwamsha, kisha andikeni alivyojibu, ili zamu ya usiku unaofuata ijue pa kuanzia.

Wiki ijayo: mgonjwa asiyetaka kula.