Mume na Mke Waenda Kuitazama Milima

Mwulize mtu mzima wa Kivu amesafiri mara ngapi, naye atakuhesabia misiba. Alikwenda Uvira kumzika mjomba wake. Alikwenda Butembo kutafuta biashara. Alivuka mpaka wa Gisenyi akikimbia vita au moto. Milima yetu ameipanda na mzigo kichwani, au mtoto mgongoni, au hofu moyoni. Lakini kwenda kuitazama tu, pamoja na mwenzi wake wa ndoa, bila shida yoyote inayomsukuma, hilo ni neno geni kwake. Wengi huliona kuwa ni jambo la Wazungu na la matajiri.

Wasomaji wapenzi, twataka kuwasimulia safari ya namna hiyo, ya kwanza katika ndoa yetu. Tuliifanya katika likizo kubwa ya mwaka 2019, kutoka Bukavu mpaka Goma, chini ya milima ya Virunga. Twaisimulia kwa sababu safari hiyo ilitufundisha juu ya unyumba mambo ambayo miaka sita ya kukaa nyumba moja haikuwa imetufundisha.

Shauri la wazee

Mama wa watoto wetu alizaliwa Goma. Tarehe 17 Januari 2002, mlima Nyiragongo ulipopasuka, alikuwa mtoto wa miaka kumi. Alikimbilia Gisenyi pamoja na maelfu ya watu, amembeba mdogo wake, na nyumba ya baba yake haikuonekana tena. Jamaa yao wakahamia Bukavu. Kwa miaka kumi na saba hakutia mguu Goma, na katika kitabu cha shule ukurasa wenye picha ya mlima ule aliupindua upesi.

Basi tulipokubaliana kufanya safari, tulimwachia yeye kuchagua mahali, maana nusu ya fedha ilitoka katika biashara yake ya sambaza. Akataja Goma. Tukamwuliza kama amefikiri vema. Akajibu kwa sauti ya chini: «Mara ya mwisho nilipouona mlima ule nilikuwa nakimbia. Nataka kuuona nimesimama.»

Wazee hawakupendezwa. Mjomba wake alisema: «Mlima uliokula nyumba ya baba yako, waenda kuutafutia nini?» Na upande wa kwetu mzee mmoja alicheka akasema kwamba bati lavuja, naye mwalimu aenda kutazama mawe. Maneno ya wazee hayadharauliwi. Kwanza tulitengeneza bati. Kisha tukaweka kando karo ya watoto ya muhula wa kwanza. Kilichobaki katika kopo la maziwa, tulichokikusanya Jumamosi kwa Jumamosi kwa miezi ishirini, ndicho kilichokuwa nauli yetu. Tulipokwisha kuwaonyesha wazee hesabu hiyo, mzee yule yule aliyecheka ndiye aliyekubali kulala nyumbani na watoto. Haba na haba hujaza kibaba.

Mlima uliojificha

Meli ilitung'oa Bukavu asubuhi. Ziwa Kivu liko karibu mita 1460 juu ya usawa wa bahari, na kilindi chake chafika karibu mita 480. Tulikipita kisiwa cha Idjwi na migomba yake, na wavuvi waliorudi na mitumbwi iliyofungwa pamoja, wakiimba. Sambaza wanaowavua hawakuwamo zamani katika ziwa hili. Waliletwa kutoka Tanganyika karibu na mwaka 1959. Mama wa watoto wetu, ambaye amewauza samaki hao tangu ujana wake, alishangaa kusikia kwamba nao ni wageni.

Bandarini Goma tulinawa mikono kwa maji ya dawa na kupimwa joto la mwili, maana mwaka ule ugonjwa wa Ebola ulikuwa umeufikia mji mwezi wa Julai. Tukainua macho upande wa kaskazini. Hapakuonekana kitu. Wakati wa kiangazi vumbi na moshi wa mashamba huifunika milima siku nzima, hata mgeni aweza kukaa juma zima asijue kwamba kilometa 15 tu kutoka sokoni umesimama mlima wa mita 3470. Usiku ule, katika nyumba ya wageni ya Masista, hakuna aliyelala sana.

Mtaa uliojengwa kwa adui wake

Kesho yake, baada ya Misa Takatifu, tulizunguka mji kwa miguu. Yafaa wanafunzi wajue jinsi mambo yalivyotokea. Huku kwetu ardhi ya Afrika yapasuka polepole sana na kuachana, na katika ufa huo mawe yaliyoyeyuka, yaitwayo lava, hupata njia ya kupanda. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi kuliko ya milima mingi, kwa hiyo hukimbia. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa zima la lava lililokuwa kileleni lilimwagika kwa muda usiofika saa moja. Mwaka 2002 lava haikufurika juu. Ilitoka katika nyufa zilizopasuka ubavuni, upande wa kusini. Ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaliharibu Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ikapita katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani.

Tulikwenda kutafuta mahali pa nyumba ya baba mkwe. Mama wa watoto wetu aliongoza, akihesabu njia kwa kumbukumbu ya mtoto. Mara mbili alisimama, maana ardhi yenyewe ilikuwa imeinuka kupita alivyoijua. Mwishowe tulikuta kiwanja chenye nyumba nyingine, na ukuta mzuri wa mawe meusi. Mzee mmoja alikuwa ameketi kando akipasua mawe kwa nyundo, na chukudu yake imeegemezwa ukutani, ikingoja mzigo. Tulimsalimu, tukamweleza tulichokuja kutafuta. Akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: «Mwanangu, nyumba ya baba yako iko chini ya miguu yetu. Nasi tunajenga kwa jiwe hili hili lililoifunika. Tungejenga kwa nini kingine?»

Mama wa watoto wetu alichukua kipande cha jiwe, akakigeuza mkononi. Hakulia. Aliuliza bei ya toroli moja ya mawe, kama mfanya biashara aulizavyo, na mzee akamjibu. Wakazungumza hivyo kwa muda mrefu juu ya mawe, ya nani alijenga na nani alihama. Sisi tulikaa kimya. Siku hiyo tulijifunza kwamba mume hana budi kujua wakati wa kusema na wakati wa kushika kikapu tu.

Jioni upepo ulifagia anga. Giza lilipoingia tuliona wingu jekundu juu ya mji: ni mwanga wa ziwa la lava lililokuwa likichemka kileleni, ukipiga mawinguni kutoka chini. Mama wa watoto wetu alisimama akalitazama, mkono wake katika mkono wetu, mpaka Sista akaja kufunga lango.

Juu ya Sake

Kupanda hadi ukingo wa kreta kulihitaji ruhusa ya Hifadhi ya Virunga, na bei yake ilipita kipimo cha mwalimu. Kwa hiyo siku ya tatu tulipanda gari la abiria mpaka Sake, tukaendelea kwa miguu katika miinuko iliyo juu yake. Njiani dereva alituonyesha mabonde madogo ambayo wenyeji huyaogopa, kwa sababu ya mazuku. Mazuku ni hewa nzito ya kaboni itokayo ardhini na kulala mahali pa chini. Haionekani, nayo huua mbuzi, hata watoto wanaocheza shimoni. Wazazi wanaokaa upande ule wawafundishe watoto wao kutoketi mabondeni, hasa alfajiri pasipo upepo.

Mwinuko ulikuwa mkali. Kwa desturi mwanamume hutangulia na fimbo, naye mwanamke hufuata na mzigo. Lakini mlimani mtu aendaye mbele kwa haraka hana wa kuzungumza naye. Tukabadilishana: yeye akatangulia kwa hatua zake, sisi tukachukua kikapu. Mama mmoja aliyekuwa akishuka na kuni alisimama akacheka sana: «Mwalimu anabebea bibi yake kapo!» Mama wa watoto wetu akamjibu: «Mama, leo ni sikukuu yake.» Wakacheka wote wawili.

Na kule juu milima ikajifunua. Nyamulagira na Nyiragongo zilisimama karibu, milima miwili yenye moto kati ya minane ya Virunga. Nyuma yake Mikeno yenye ncha, mita 4437, na Karisimbi, mita 4507, mrefu kuliko yote, ambao watu husema jina lake latokana na neno la Kinyarwanda la kauri nyeupe, kwa ajili ya weupe unaokivika kilele chake siku za baridi. Mama wa watoto wetu alikaa kitako juu ya majani. Baada ya kitambo alisema: «Kumbe ni mzuri. Hakuna aliyeniambia kwamba ni mzuri.»

Watakatifu na milima

Kama mtu adhani kwamba mapumziko ya namna hii hayamfai Mkristo, na akumbuke Papa Pius XI. Kabla ya kuwa Papa, Padri Achille Ratti alikuwa mpanda milima hodari, na mwaka 1889 alipanda Monte Rosa katika Alpi. Mwaka 1923 akamtangaza Mtakatifu Bernardo kuwa msimamizi wa wapanda milima. Na kijana Pier Giorgio Frassati wa Torino, aliyefariki mwaka 1925 akiwa na miaka 24, aliwapeleka rafiki zake milimani kusali na kufurahi, kama alivyowapelekea maskini mkate. Papa Leo XIV alimtangaza Mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Milima ni kazi ya mikono ya Mungu, na mtoto mwema hupenda kuitazama kazi ya Baba yake.

Yaliyofuata ni mazito. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulipasuka tena, na watu wa Goma wakatoka kwa maelfu na magodoro yao. Mwezi wa Januari 2025 vita viliingia mjini humo, na mwezi uliofuata vikafika Bukavu. Habari hii, basi, isichukuliwe kama mwaliko wa kufunga mizigo kesho. Lakini usiku ule wa Mei 2021, tuliposikia redioni kwamba mlima umewaka, mama wa watoto wetu hakutetemeka kama zamani. Aliwasha taa, akawapigia simu jamaa waliobaki Goma, akawaeleza njia gani ipitwe na bonde gani liepukwe. Hofu aliyoiendea na kuitazama usoni ilikuwa imepungua nguvu.

Enyi mliofunga ndoa takatifu, msingoje utajiri. Kila parokia ya nchi yetu ya mashariki ina kilima chake. Dominika moja, baada ya Misa, waacheni watoto kwa bibi yao, mchukue ndizi na chupa ya maji, mpande pamoja bila jembe wala mzigo wa kuuza. Mwanamume achukue kikapu. Mkifika juu, mwulize mwenzi wako ni kitu gani alichokikimbia siku nyingi, kisha nyamaza umsikilize.