Ziwa na Hifadhi kwa Safari Moja: Mambo ya Kuhakiki Kabla ya Kulipa

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye makao makuu mjini Bariadi, uko mbali na bahari, lakini una ufuko wake. Wilaya ya Busega inapakana na Ghuba ya Speke katika Ziwa Victoria, na katika mialo yake wavuvi hushusha sangara, sato na dagaa. Karibu na mji mdogo wa Lamadi, takriban kilomita 70 kutoka Bariadi, lipo lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kwa hiyo mgeni anaweza kutembelea mwalo na kuona wanyamapori kwa safari moja.

Ukaribu huo hurahisisha kuuziwa safari nzima kwa bei ya jumla. Tunamshauri mlaji asilipe kabla ya bei hiyo kuchanganuliwa kwa maandishi, kwa kuwa ndani yake mna malipo ya aina mbili. Ada ya kuingia hifadhini hulipwa Serikalini kupitia TANAPA, kwa namba maalumu ya malipo. Raia hutozwa kiwango nafuu, hivyo abebe kitambulisho. Nauli ya gari, kodi ya boti na ujira wa mwongozaji ni makubaliano kati yako na mtoa huduma. Yasipotenganishwa, familia yaweza kufika langoni na kukuta ada haijalipwa, ilhali fedha zimekwisha.

Kwa upande wa ziwa, izingatiwe kwamba leseni ya uvuvi si kibali cha kubeba abiria. Kabla ya kupanda chombo, hakikisha kila abiria, watoto wakiwamo, ana jaketi okozi linalomtosha. Chombo kikijazwa kupita kiasi au upepo ukichafuka, una haki ya kukataa kupanda. Punguzo la bei halifidii uhai.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bei au ubora wa huduma. Dai stakabadhi kwa kila malipo na uitunze. Ukiwa na lalamiko, liwasilishe kwanza kwa mtoa huduma. Usiporidhika, lilete kwetu pamoja na stakabadhi na maandishi ya makubaliano. Bila vielelezo hivyo, haki yako inakuwa ngumu kuithibitisha.