Kupatwa kwa Jua

Kupatwa kwa Jua ni tukio la kiastronomia linalotokea Mwezi unapopita kati ya Jua na Dunia na kulifunika Jua, lote au sehemu yake, mbele ya watazamaji walioko katika kivuli chake. Hutokea wakati wa mwezi mwandamo tu, kabla hilali haijaonekana.

Sababu

Kipenyo cha Jua ni takriban mara 400 ya kipenyo cha Mwezi, lakini umbali wa Jua kutoka kwetu nao ni takriban mara 400 ya umbali wa Mwezi. Kwa hiyo angani vyote viwili huonekana kuwa na ukubwa karibu sawa.

Mwezi mwandamo hurudi kila baada ya siku 29 na nusu hivi, ila Jua halipatwi kila mara. Sababu ni kwamba njia ya Mwezi imeinama kwa takriban nyuzi 5 kulingana na njia ya Dunia, hivyo mara nyingi kivuli chake hupita juu au chini ya Dunia. Kila mwaka Jua hupatwa mara 2 hadi 5 mahali fulani duniani.

Aina

* Kupatwa kikamili: Jua lote hufunikwa na korona, yaani angahewa yake ya nje, huonekana. Hali hii haizidi dakika 7 na nusu hivi.
* Kupatwa kipete: Mwezi uko mbali zaidi na Dunia, hivyo hauwezi kufunika Jua lote, pete ya mwanga hubaki pembeni.
* Kupatwa kisehemu: Jua huonekana kama limemegwa.
* Kupatwa mseto: huwa kipete mahali pengine na kikamili mahali pengine, kama tarehe 3 Novemba 2013, kivuli kilipopita Uganda na kaskazini mwa Kenya.

Tarehe 1 Septemba 2016 kupatwa kipete kulionekana kusini mwa Tanzania, na watu wengi walikusanyika Rujewa, wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya. Tarehe 2 Agosti 2027 kupatwa kikamili kutapita Afrika Kaskazini, Saudia, Yemen na ncha ya Somalia; nchini Kenya kutaonekana kisehemu.

Kuangalia kwa usalama

Retina ya jicho haina neva za maumivu. Mtu anaweza kuiunguza bila kuhisi chochote, akagundua saa kadhaa baadaye kwamba ana doa jeusi katikati ya anachokitazama. Madhara hayo yanaweza kuwa ya kudumu.

Vinavyofaa ni miwani maalumu ya kupatwa kwa Jua yenye kiwango cha ISO 12312-2, au kioo cha kuchomelea vyuma namba 14. Visivyofaa ni miwani ya jua ya kawaida, filamu ya eksirei, santuri ya CD, kioo kilichofukizwa moshi na beseni la maji. Darubini isiyo na kichujio mbele yake ni hatari zaidi, hata kwa aliyevaa miwani hiyo.

Asiye na kifaa atoboe tundu dogo kwenye karatasi ngumu, alipe Jua mgongo na kutazama taswira yake kwenye karatasi nyingine. Miwani huweza kuvuliwa wakati Jua limefunikwa lote tu. Katika kupatwa kipete au kisehemu haivuliwi kamwe.

Imani na unajimu

Neno lenyewe "kupatwa" ni lile tunalotumia kwa msiba au maradhi. Huko Babeli ya kale tukio hili lilihesabiwa kuwa ishara mbaya kwa mfalme, na pengine mtu mwingine aliwekwa kitini kwa muda ili balaa limpate yeye. Katika masimulizi ya Kihindu Rahu hulimeza Jua, na hadi leo baadhi ya wajawazito nchini India hubaki ndani. Katika Uislamu, Mtume Muhammad alifundisha kwamba Jua na Mwezi ni ishara za Mungu, wala havipatwi kwa sababu ya kufa au kuzaliwa kwa mtu. Waislamu huswali swala maalumu.

Wanajimu huhusisha tukio hili na mabadiliko katika maisha ya watu, lakini sayansi haijapata ushahidi wa jambo hilo. Wababeli haohao, kwa kuandika tarehe kwa uangalifu, waligundua kwamba matukio haya hurudia baada ya miaka 18 na siku 11 hivi. Hofu yao ilizaa hesabu, na hesabu ndiyo inayotuwezesha leo kujua mapema siku na saa ya kuandaa miwani.