Rod Steiger na kilio kisicho na sauti

Wako wachezaji wa sinema ambao watu huwapenda kwa ajili ya sura yao tu. Katika kila filimu ni wale wale: nguo hubadilika, mtu habadiliki. Wako na wengine, wachache, ambao mtazamaji akiwaona humgeukia mwenzake na kumwuliza: «Je, huyu ndiye yule tuliyemwona juzi?» Rod Steiger wa Marekani alikuwa mmoja wa hao. Kwa muda wa miaka hamsini hivi alionekana kama mnyang'anyi na kama mkubwa wa polisi, kama Napoleon, kama Ponsio Pilato, kama rabi wa Wayahudi, na mara mbili kama Mussolini. Hakuwa mzuri wa uso. Alikuwa mnene, mwenye shingo fupi na macho makali, na ndani yake mlikuwa na nguvu iliyofanana na maji ya mto yaliyozuiwa.

Nguvu hiyo ilitoka wapi? Tutazame kwanza utoto wake. Alizaliwa tarehe 14 Aprili 1925 huko Westhampton, katika jimbo la New York. Wazazi wake walikuwa waimbaji na wachezaji wa ngoma waliozunguka mji hata mji. Baba aliondoka mtoto angali mchanga, wala hawakujuana kamwe. Mama alishikwa na ulevi, na mara nyingine mtoto ndiye aliyekwenda kumtoa baa na kumrudisha nyumbani, mbele ya majirani waliocheka. Alipofika miaka kumi na sita akatoroka, akaingia katika jeshi la majini la Marekani, akapigana vita katika bahari ya Pasifiki. Vita ilipokwisha, serikali ililipia masomo ya askari waliorudi, naye akachagua kusomea uchezaji. Aliingia Actors Studio, nyumba ya mafundisho iliyoanzishwa New York mwaka 1947, ambamo walifundishwa kwamba mchezaji asiigize machozi kwa nje, bali ayatafute ndani, katika mambo aliyoyapata yeye mwenyewe. Steiger hakuwa na shida ya kuyatafuta.

Mwaka 1953 alicheza katika televisheni habari ya Marty, mchinja nyama asiye na sura ya kupendeza, anayeishi na mama yake na kukata tamaa ya kuoa. Watu wengi walijiona katika mtu yule. Habari hiyo ilipofanywa filimu mwaka 1955, Steiger hakukubali kufungwa na mkataba wa miaka mingi. Kazi ikapewa Ernest Borgnine, naye akapata zawadi ya Oscar.

Lakini katikati yake, mwaka 1954, ilikuwa imetoka «On the Waterfront» ya mwongozi Elia Kazan. Humo Steiger ni Charley, mwanasheria wa wakubwa waovu wa chama cha wafanyakazi wa bandari. Mdogo wake Terry, aliyechezwa na Marlon Brando, anataka kuwashtaki wakubwa hao. Charley anatumwa amnyamazishe. Wamekaa wawili ndani ya teksi usiku. Charley anasema, anasihi, na mwisho anatoa bastola juu ya ndugu yake wa tumbo moja. Terry hakasiriki. Anaisukuma bastola polepole kwa mkono, kama mtu amwoneaye mwenzake huruma, kisha anamkumbusha kwamba ni yeye, ndugu mkubwa, aliyemtaka ashindwe katika mchezo wa ngumi ili wengine wapate fedha. Watu husifu maneno ya Brando mahali pale, na ni haki yao. Sisi tunawaomba wamtazame mwingine, yule anayesikiliza. Kwetu mkubwa ni baba wa pili; uso wa Charley ni uso wa mkubwa anayeambiwa na mdogo wake kwamba aliuza ubaba huo, na hana la kujibu. Anamwachia ndugu yake aende, naye anajua kwamba kwa hiyo atauawa. Tena inajulikana kwamba zamu ya kupiga picha uso wa Steiger ilipofika, Brando alikuwa ameondoka, na mtu mwingine akamsomea maneno. Steiger alilishika jambo hilo moyoni miaka mingi sana.

Wazazi wengine huuliza kama kumcheza mwovu vizuri si kuusifu uovu. Swali ni la haki, na Steiger mwenyewe alijiuliza. Alipoitwa kumcheza Al Capone, mkubwa wa wanyang'anyi wa Chicago, alikataa zaidi ya mara moja, kwa sababu maandishi yalimfanya mwuaji kuwa shujaa. Alikubali baada ya maandishi kubadilishwa. Filimu ikatoka mwaka 1959, na Capone wake ni mtu wa makelele, mwenye majivuno, ambaye hakuna kijana mwenye akili atakayetamani kuwa kama yeye.

Kazi iliyo kubwa kupita zote, kwa maoni yetu, ni «The Pawnbroker» ya mwongozi Sidney Lumet. Steiger alikuwa bado hajafika miaka arobaini alipoicheza, naye anaonekana mzee kweli. Ni Sol Nazerman, Myahudi aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu huko Ulaya. Wanazi walimwua mke wake na watoto wake katika kambi ya mateso, yeye akabaki. Sasa ana duka la rehani katika mtaa wa Harlem, New York. Watu fukara wanaleta saa, viatu, kinara cha mshumaa. Anawapa fedha kidogo bila kuwatazama. Hachukii mtu, hapendi mtu. Karibu filimu nzima Steiger anazuia sauti yake, mikono yake, hata macho yake. Kisha wezi wanaingia dukani, na kijana msaidizi wake, ambaye yeye alikuwa amemwambia kwa ukali kwamba si kitu kwake, anajitupa mbele ya risasi na kufa. Nazerman anapiga magoti njiani karibu na maiti, anafumbua kinywa apige kelele, na hakuna sauti inayotoka. Steiger alieleza baadaye kwamba aliifikiri picha ya Picasso iitwayo Guernica, yenye vinywa vilivyo wazi ambavyo hakuna awezaye kuvisikia. Mwaka 1964 walimpa huko Berlin zawadi ya mchezaji bora.

Zawadi ya Oscar aliipata kwa kazi nyingine, «In the Heat of the Night» ya mwaka 1967, iliyoongozwa na Norman Jewison. Mtu ameuawa katika mji mdogo wa Mississippi. Polisi wanamkamata mtu mweusi anayengoja gari-moshi, kwa sababu ni mgeni, ana fedha mfukoni, na ni mweusi. Kumbe ni mpelelezi wa polisi kutoka Philadelphia, Virgil Tibbs, anayechezwa na Sidney Poitier. Steiger ni Gillespie, mkubwa wa polisi wa mji ule, anayewadharau watu weusi kama alivyofundishwa tangu utoto, lakini anahitaji akili ya huyu mmoja. Mwongozi alimwomba atafune chingamu. Mwanzo hakupenda, baadaye akaifanya kuwa lugha. Akitafuna haraka, ana hasira. Akiacha kutafuna, neno limemfikia. Usiku mmoja wanakaa wawili nyumbani mwa Gillespie, naye anakiri kwamba hana mke, hana mtoto, wala mgeni wa kumtembelea. Tibbs anamjibu kwa upole kidogo, na mara ile mlango unafungwa tena: hataki huruma ya mtu mweusi. Filimu haidanganyi kwamba moyo wa mtu hugeuka kwa siku tatu. Mwishoni Gillespie anambebea Tibbs sanduku lake mpaka kwenye gari-moshi. Ni hayo tu.

Inafaa kukumbuka kwamba sehemu kubwa ya filimu hiyo haikupigwa Mississippi, bali Illinois, kwa maana Poitier hakutaka kujihatarisha katika majimbo ya kusini. Siku ya kutoa zawadi iliahirishwa kutoka tarehe 8 mpaka tarehe 10 Aprili 1968, kwa ajili ya Martin Luther King, aliyeuawa tarehe 4 na kuzikwa tarehe 9. Steiger aliposimama kupokea, alimshukuru Poitier, akasema kwamba urafiki wake ulimfanya aelewe ubaguzi ni nini. Poitier mwenyewe hakuwa hata katika orodha ya walioshindania zawadi mwaka ule. Jambo hilo hatulielewi mpaka leo.

Baada ya hapo alikubali kazi nyingi, na si zote zilizomfaa. Katika «Waterloo» ya mwaka 1970, Napoleon wake mara ananong'ona mara ananguruma, mpaka masikio yanachoka. Maji yakikosa ukingo hufurika. Mussolini wake wa mwaka 1981 ni bora, katika «Lion of the Desert», filimu juu ya Omar Mukhtar, mzee wa Libya aliyepigana na Waitalia. Italia iliizuia filimu hiyo kwa miaka mingi. Tena wasomaji wetu watapenda kujua kwamba mwaka 1965, katika filimu ya Mwitalia Ermanno Olmi juu ya Papa Yoane wa XXIII, Steiger hakuvaa kanzu nyeupe. Anatembea na nguo za kawaida mahali Papa alipokulia, akisema maneno yake kwa utulivu. Wengi hawakuipenda; sisi tunaona kwamba kujizuia kule kulikuwa heshima.

Nyumbani hakupata raha sana. Alifunga ndoa mara tano. Mwaka 1976 alipasuliwa moyo, na baadaye ikamshika huzuni nzito, ugonjwa wa roho uliomlaza kitandani siku nyingi asitake kuoga wala kuonana na mtu. Ilidumu miaka. Alipopata nafuu aliusema waziwazi mbele ya watu, wakati wenzake wengi waliuficha wasije wakanyimwa kazi. Alikufa Los Angeles tarehe 9 Julai 2002, mwenye umri wa miaka 77.